Neno Tu la Karatasi

Fomu tatu zililala juu ya meza ya chakula, zimekandamizwa na kopo la chumvi ili feni isizipeperushe. Ya kwanza ilikuwa ya kibali cha kazi, ya pili ya vyeti vya masomo, ya tatu ya ukaazi wa familia. Hiyo ya tatu mume alikuwa amekwisha kuijaza kwa mwandiko wake uliosimama wima kama nguzo za uzio. Kilichobaki ni saini ya mkewe, katika kisanduku chenye neno moja juu yake: MTEGEMEZI.

Mke alikuwa fundi wa meno bandia, na kwa muda mrefu hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mama mkwe alimwita Fundi. Miaka kumi na mmoja alikaa kwenye benchi lake akichonga magego ya nta, na nusu ya wazee wa mji ule walitafuna nyama kwa hisani ya mikono yake. Alikuwa ameandika kuomba kazi katika karakana moja ya meno ng'ambo, na mumewe, dereva wa winchi, ameomba kazi ya ujenzi katika mji huohuo. Sheria ya huko ilikuwa fupi: nyumba moja, kibali kimoja cha kazi. Mwenye kibali huitwa mdhamini, na aliyebaki ni mtegemezi wake. Barua ya mume ilikuwa imefika. Ya Fundi haikuwa imefika.

Fundi akauliza kama haifai kungoja wiki mbili tatu, huenda na yake ikaja, wakae chini wachague ipi ina manufaa. Mume akasema madirisha ya maombi yanafungwa Jumatatu, na kwamba watu wa meno hawana adabu ya kujibu barua. Basi Fundi akauliza huyo mtegemezi ni nani hasa.

"Ni neno tu la karatasi," mume akasema. "Tukishafika utabadilisha hukohuko."

Fundi akatia saini.

Walifika uwanja wa ndege wa ng'ambo asubuhi, na ofisa wa uhamiaji akagonga mihuri miwili. Wa kwanza ulikuwa wa mume. Wa pili ulipogongwa, Fundi aliinama upande wa kushoto, mwili mzima, kuanzia kisiginoni, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Upande wa kushoto ndiko alikosimama mumewe. Mume alihisi uzito ukimkaa begani, akaachanisha miguu. Ofisa alimwambia asiwe na wasiwasi, wiki ya kwanza wengi huyumba, kisha akaita anayefuata.

Walipewa vyumba viwili ghorofa ya tatu, na maisha yakaanza. Mume akienda kazini, Fundi aliinama kuelekea huko kazini. Alikata vitunguu kwa mshazari, akapiga pasi kwa mshazari, na chai yake ilikaa kwenye kikombe imepanda ukingo mmoja. Hakuanguka hata siku moja, kwa kuwa mumewe alikuwa amemshikilia kwa bega, hata awe mbali kiasi gani. Siku za Ijumaa mume alisema anachelewa kazini, lakini Fundi aliinama kuelekea kwa kinyozi, wanakocheza karata, basi akawa anachelewesha kupasha chakula. Hakumsema. Mwanamume anayebeba mtu mzima kutwa nzima anastahili karata mbili tatu.

Alimhurumia, tena sana. Ili kumpunguzia, alitembea akishika kuta. Akisimama jikoni, mkono mmoja ulikuwa umeng'ang'ania sinki. Usiku alifunga kanga kwenye kitasa cha dirisha akalala ameishika. Viganja vyake, vilivyokuwa laini kwa nta, vilianza kuota sugu.

Karakana ya meno ilikuwa mtaa wa pili. Kila alipokwenda sokoni alipita dirishani pake, akawaona wakifanya kazi ambayo kibali chake hakikumruhusu kuigusa. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye miwani aliyesugua magego hadi yakawa bapa kama vifungo vya shati. Fundi alisimama pale, ameinama, akimwonea uchungu mtu asiyemjua atakayepewa meno yale.

Mwezi wa kumi tangu wafike alichukua namba ya foleni, akaenda ofisi ya uhamiaji kuuliza habari za kubadilisha. Alikaa mbele ya meza ameshika kiti kwa mikono miwili. Ofisa, mama wa makamo mwenye mafua, alilifungua faili, akapenga kamasi, akashangaa kidogo.

"Lakini wewe ulikuwa na nafasi yako mwenyewe," akasema. "Uliikataa."

Akaligeuza faili ili Fundi asome. Barua ya karakana ilikuwa pale, imetangulia ya mume kwa siku ishirini na mbili. Chini yake kulikuwa na jibu. Jibu lilisema kwamba mhusika anashukuru, afya yake haimruhusu, na kazi ya meno ameiacha kabisa. Lilikuwa na jina lake chini, na kila herufi ilisimama wima kama nguzo za uzio.

Fundi alisoma mara tatu. Mara ya tatu alihisi chuki ikimkaa mahali pake sawasawa, bila kuchubua popote, kama jino lililopimwa vizuri. Aliomba nakala. Ofisa alimpa, akamweleza kwamba kubadilisha kunawezekana, ila mdhamini sharti asaini kwamba amemwachia kibali, na siku hiyohiyo mdhamini huyo ndiye atakayekuwa mtegemezi. Fundi akashukuru. Kisha akaachia kiti.

Upande wa pili wa mji, katika kijumba cha winchi kilichoning'inia juu ya ghorofa ya kumi na nne, kengele ya uzito ililia ndoano ikiwa tupu. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Hawakusema ukimngoja ujiwekee uzito gani, hilo Fundi alilipanga mwenyewe.

Alianza na chakula. Alikula sahani mbili, kisha tatu, akipumzika katikati. Akatambua kwamba kila alichobeba yeye, mumewe alikibeba zaidi, basi akawa haendi popote mikono mitupu. Nyuma ya karakana ya meno kulikuwa na pipa la taka lililojaa plasta: mataya ya watu wasiojulikana, yaliyokwisha kutumika. Aliyaomba, akapewa. Akajishonea koti lenye mifuko kumi na minane, akayapanga humo, ya juu kwa ya juu na ya chini kwa ya chini. Jioni alikaa kibarazani na beseni la maji mapajani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Fundi aliubeba usufi wake akiimba.

Mume alikuwa na kipaji cha ufundi wake: alijua uzito wa kitu kwa kukitazama.

"Leo umefika kilo mia tatu na arobaini," alisema wakila.

"Na sitini," Fundi akasema. "Nimeongeza kinu."

Bega la mume lilishuka kwanza, kisha shingo, kisha mgongo. Msimamizi wa ujenzi alifurahi, kwa sababu dereva aliyeinama hutazama ndoano chini moja kwa moja, na akawataka madereva wengine waige. Kengele ilirekebishwa ili isiuhesabu uzito wa shemeji. Mama mkwe alipiga simu kuuliza kwa nini mwanawe kwenye picha amekuwa mfupi, au huko ng'ambo hawali vizuri. Wifi alichukua simu akasema ndivyo inavyotakiwa, mwanamume ni nguzo ya nyumba, na nguzo haipigi kelele. Fundi alikubaliana naye kabisa.

Jumapili moja aliiweka nakala ya barua mezani, akaikandamiza kwa kopo la chumvi. Mume hakuhitaji kuinama ili kuisoma. Aliifuata kwa kidole hadi kwenye saini.

"Ingekuwa ni wewe ungefanyaje?" akauliza mwishowe.

"Ningekuuliza."

Akasema alikuwa anamkinga. Kisha akasema hapana, alikuwa anajikinga, kwani aliona watu watakavyosema: fulani amepelekwa ng'ambo na meno ya mkewe. Alisema kweli, na Fundi aliusikia ukweli ule bila kupungua hata kilo moja. Akaenda kulivaa koti lake.

Fundi aliomba kazi upya, na karakana ikamwandikia tena. Bwana mwenye miwani alikuwa amestaafishwa baada ya wateja kulalamika, na benchi lake lilikuwa wazi hadi Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Safari hii barua ilifika mkononi mwake mwenyewe, maana tangu siku ile ofisini ufunguo wa sanduku la posta ulikaa shingoni mwake, na ulikuwa mzito pia. Ijumaa hiyohiyo ndiyo iliyokuwa siku yao ya kuhuisha ukaazi.

Usiku wa kuamkia Ijumaa mume alikuwa amelala kifudifudi, kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine.

"Punguza kidogo, mke wangu. Mgongo umekwisha."

"Saini kesho."

"Niwe mtegemezi, mimi? Mama atawaambia nini watu?"

"Mwambie ni neno tu la karatasi."

Fundi alilala chali katikati ya kitanda, mikono kifuani, hakugusa ukuta wala dirisha. Alilala vizuri sana.

Asubuhi ofisa yule wa mafua aliwatolea fomu mbili. Moja ilikuwa ya kubadilisha, nyingine ya kuhuisha kama ilivyokuwa, kwa miaka miwili mingine. Kidevu cha mume hakikufika mezani, hivyo ofisa aliziweka fomu juu ya kigoda, akampa kalamu. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasorobo. Karakana hufungua milango saa nne, na Fundi alikuwa amebeba mkobani aproni yake ya zamani, imefuliwa na kupigwa pasi.

Mume aliisogeza kalamu juu ya fomu ya kubadilisha. Ilikaa pale kiasi cha mtu kumeza mate mara mbili. Jasho lilimdondoka puani likalowesha kisanduku cha saini, ofisa akalikausha kwa karatasi yake ya mafua. Fundi alimtazama mumewe utosini, mahali ambapo sasa alipajua kuliko uso wake, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi alinyoosha mkono akashika ukingo wa meza, ili mumewe apate kuandika bila kubanwa.

Mume akasaini ya kuhuisha.

Fundi akaachia meza. Kitu mgongoni mwa mume kililia kama ganda la karanga, na ofisa akagonga mihuri miwili, wa mdhamini na wa mtegemezi, akawatakia siku njema, akaita anayefuata.

Walishuka ngazi polepole, mume ameinama kuelekea chini, Fundi ameinama kuelekea kwake. Nje walipita karibu na jengo linalojengwa, penye rundo la matofali kando ya njia.

"Miaka miwili si mingi," mume akasema, macho yake yakitazama viatu vyake.

"Si mingi," Fundi akasema. Akasimama penye rundo, akayageuzageuza matofali hadi akapata mawili yasiyo na ufa, akayatia mkobani juu ya aproni.