Gauni Langu Kaliua

Mke mwenza wangu wa kwanza alikuwa kamera. Huyo nilimzoea, maana hashindani nami kwa mavazi. Wa pili anaitwa Tunu, na huyo ndiye aliyenipandisha treni hadi Kaliua bila hata kunywa chai.

Mume wangu, Adriano, ni mwongozaji wa filamu. Hana kampuni wala mfadhili. Ana mimi na cherehani yangu hapa Chemchem, Tabora. Filamu yake ya kwanza, ya warina asali wa Ulyankulu, tuliionyesha uani kwetu kwenye shuka letu la harusi, nami nilipiga makofi kuliko majirani wote. Ya pili ilikwenda tamashani Zanzibar, akarudi na cheti na malaria. Nikamuuguza. Hii ya tatu inamhusu mwanamke wa Kinyamwezi ambaye babu yake, baba yake na mumewe wote waliifuata njia ile ile ya pwani, zamani kwa miguu na pembe za ndovu begani, sasa kwa treni. Kazi yake yeye ni kusindikiza. Nilimuuliza Adriano kama nitaigiza mimi. Alicheka, akasema mwigizaji anatoka Dar, anaitwa Tunu, na picha watapigia Kaliua.

Jumapili binti yetu Apolinaria anapata kipaimara. Adriano aliapa kurudi mapema wiki hiyo, kisha simu yake ikawa haipatikani. Nikafungua kabati nitoe gauni langu la kitenge cha kijani, nililolishona mwenyewe kwa sikukuu hiyo. Halikuwepo. Nilijua papo hapo limekwenda wapi, na liko mwilini mwa nani. Nikamwachia dada yangu mtoto, nikaondoka. Nia yangu ilikuwa moja: kurudi na mume wangu kwa treni ya Jumamosi.

Nilimkuta Tunu stesheni ndani ya gauni langu, limebanwa kwa pini kiunoni, maana kiuno kile mimi nilikiaga zamani za uchumba. Akageuka huku ameshika nyonga ya kushoto. Mimi ndiye ninayeshika nyonga ya kushoto, tangu nimzae Apolinaria. Akamwambia mwigizaji mwenzake, "Nenda, lakini ukirudi ubishe hodi kama mgeni." Maneno hayo niliyasema mimi, jikoni kwangu, mlango umefungwa. Waliokuwa wakitazama wakacheka.

Kwetu mtu akifa, mtani huvaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na usemi wake, mpaka waliokuwa wanalia wacheke. Hicho ndicho nilichokuwa nakiona, ila mimi nilikuwa bado napumua.

"Nimekufa lini?" nikauliza kwa sauti.

Tunu akapiga goti. "Shikamoo, marehemu! Mimi Mzaramo, dada, mtani wako. Ningengoja ufe kweli, gauni lingeliwa na nondo."

Watu wakaangua kicheko. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hakasirikiwi. Nikacheka kwa nje, lakini moyoni ningemvua lile gauni pale pale relini.

Nikamgeukia mume wangu. "Baba Apolinaria, kipaimara ni kesho. Chukua begi twende."

"Imebaki picha moja tu, ya kuagana. Tunu kila mara analia. Wewe hujawahi kulia."

Treni ya Tabora ikaingia. Nikamsogelea.

"Nimekusindikiza miaka yote, sijakuomba kitu. Leo naomba. Mara moja tu tupande wote, tukae kiti kimoja, tufike kwetu mtoto hajalala. Nakuomba, Adriano."

Sikuwahi kumwomba mtu hivyo. Aliinua uso kutoka kwenye kamera, macho yamemlowa, nami nikadhani nimeshinda. Kisha nikaona taa nyekundu ya kamera inawaka.

"Vizuri mno," akasema. "Hebu rudia, mama. Honi imeingilia katikati. Tungoje treni iondoke, patakuwa kimya. Nitakupiga picha kwa nyuma, uso hauhitajiki."

"Akichoka nitamalizia mimi," akasema Tunu. "Maneno nimeshayashika."

Mlango wa behewa ulikuwa wazi mbele yangu. Ningeweza kupanda peke yangu, na asubuhi nikakaa kanisani nikamtazama mwanangu. Lakini Tunu alikuwa ameshika nyonga ya kushoto, midomo yake ikiyajaribu maneno yangu kimyakimya.

"Nipe gauni langu," nikamwambia.

Treni ikaondoka. Nilivalia nyuma ya ghala, na gauni likanikaa bila pini hata moja. Nikasimama palipochorwa chaki, nikamwomba mume wangu turudi nyumbani kwa treni iliyokwisha kwenda. Na nilimwomba vizuri kuliko mara ya kwanza.