Neno Moja la Kiingereza na Kichwa cha Ariane

…na hapa nyuma ya sikio ndipo penye taabu, nywele za hapa ni laini, ni fupi, zinateleza, ukizivuta mtoto anaruka, usipozivuta rasta itafunguka hata kabla hawajafika Kigali, "Maman, unavuta!", tulia, karibu tunamaliza, nimesema karibu tangu asubuhi na haniamini tena, anacheka tu na kurudisha kichwa katikati ya magoti yangu, simu iko mapajani mwake, sauti ya Monsieur Chris, mwalimu wake wa Kiingereza, inatoka humo ndani ikisema neno, inangoja, inalisema tena, na Ariane anarudia, "keep", "keep", mdomo wake siuoni, naona utosi tu na ule mstari niliouchora kwa ncha ya kitana, "Maman, hii neno iko na maana mingi! Monsieur Chris anasema bazungu bako bavivu, neno moja banaitumikisha kazi ya maneno kumi", haya, basi mimi si mvivu, vidole vyangu kumi vyote vina kazi moja, kumsuka mtoto huyu aende Jumatatu akiwa nadhifu, asije mtu akasema Bukavu hatujui kutunza watoto… Jumatatu. Atavuka daraja la Ruzizi na Bisimwa, mume wangu, waingie Rwanda, watapanda basi, na kesho yake katika ofisi fulani ya Kigali mwanamke mwenye mkalimani pembeni atamuuliza kama anataka kwenda kuishi Canada kwa mama yake. Kwa Rosette, dada yangu mkubwa, aliyemzaa. Mwanasheria wa Rosette alieleza vizuri kwenye simu, polepole, kana kwamba mimi ndiye mtoto, alisema Ariane sasa amefika umri wa kuulizwa mwenyewe, karatasi zote ziko sawa, limebaki jibu lake tu, akisema ndiyo ataondokea huko huko Kigali, na akisema hapana watasimamisha kila kitu. Akisema hapana. Wiki nzima natembea na hilo hapana mdomoni, napika nalo, nafua nalo, naenda nalo misa ya asubuhi na kurudi nalo, na sikio la Ariane hili hapa, limegusana na kidole gumba changu, ningeinama tu, mwambie yule madame hutaki, na angesema, maana huyu mtoto husema ninachomwambia, niliwahi kumwambia asimsalimie jirani na mpaka leo hamsalimii.

"Keep quiet", inasema simu, "hiyo ni kukaa kimya, Maman, Soeur Colombe, ule mtawa wa ku masomo, angependa hii", ndiyo, kukaa kimya, hilo nalijua bila mwalimu, siku Rosette alipopiga kutangaza kwamba karatasi zimepita nilikaa kimya, yeye huko analia, anacheka, anamshukuru Mungu, anamshukuru Bikira Maria, ananishukuru mimi, na mimi nimeshika simu na mkono mwingine umo ndani ya unga, "Martine? Martine, unanisikia? Réseau imekatika?", mtandao ulikuwa mzuri sana siku hiyo, nilikuwa nasikia hata pua yake ikivuta kamasi… lakini ningesema nini, hongera? Mtu anakuja kukuchukulia roho na wewe umpe hongera? Ariane ananiita mimi maman, Rosette anamwita maman ya ku simu, hakufundishwa na mtu, alianza tu alipokuwa mdogo, akiona uso unatokea kwenye kioo anapiga kelele, "Maman ya ku simu anakuya!", na Rosette huko akacheka, nilidhani anacheka kweli.

Bisimwa amekaa mlangoni anagonga msumari kwenye ndala ya Ariane, ndala yenyewe haitakwenda popote, ataondoka na viatu, lakini anagonga, anageuza, anagonga tena, halafu bila kuinua uso, "Martine, umeshamuambia?", na Ariane shingo imeinuka, rasta imenitoka mikononi, "Kuniambia nini, Papa?", nyundo imetulia, "Kama… asikule mingi mu njia, atatapika", mwongo mkubwa wee, uso ameuinamisha kwa aibu na bado anageuzageuza ile ndala, na mimi najua anachotaka nimwambie mtoto, kwa sababu Jumapili iliyopita, tukirudi kanisani, alinivuta nyuma kidogo akasema, "Mutoto aseme tu hapana. Hatufanye mubaya. Hapa njo kwao", Bisimwa huyu, ambaye hali chakula cha jioni mpaka Ariane akae kushoto kwake, kushoto, si kulia, na hajawahi kunitupia neno juu ya tumbo langu ambalo halikuwahi kushika kitu, wala siku moja, hata mama yake alipokuja na maneno yake. Hapa ndipo kwao, kweli, ni kwao, mlango huu, mteremko huu wa Nyalukemba ambao mvua ikinyesha lazima umshike mtoto mkono, ziwa lile pale chini linaloonekana kipande kati ya mabati ya majirani, sasa kule atamshika nani mkono, na barabara zao zina barafu, wanasema watu wazima wenyewe wanaanguka.

"Keep chickens! Maman, sikia, hii ni kufuga kuku, sawa vile tonton Philémon ku Nyantende", ndiyo, kuku wa mjomba Philémon kule kijijini, wanalala jikoni kwa mama yetu, jiko ambalo mama alituachia mapema mno, na jiwe la mbele ya mlango bado lipo, nilikaa chini, mbele ya jiwe hilo, kila Jumamosi na Rosette juu yake, magoti yake hapa na hapa, bado amevaa sketi ya sare ya shule ambayo hakuirudia tena shuleni, kwa sababu mmoja wetu alipaswa kulima na mmoja kusoma, na hakuna aliyeniuliza, nilishtukia tu kalamu ni zangu na jembe ni lake. Mikono yake ilinuka sombe, majani ya muhogo ya kutwanga. Alinisuka akivuta nywele mpaka macho yanapanda, nikilia ananigonga utosini kwa kitana, "Tulia, weye! Unataka watu baseme hauna mama?", na nilitulia, na Jumatatu darasani hakuna aliyesema sina mama… "Maman, umesimama kusuka?" Hapana, natafuta kitana. "Kiko mu mukono yako." Haya, basi kiko mkononi.

Nimezisuka nyembamba mno. Najua. Tangu jana nilichagua hizi nyembamba kabisa, nyembamba kama uzi wa kushonea gunia, nikajiambia ni kwa uzuri, uongo, nilizitaka nyembamba ili zikae kichwani muda mrefu, ili Ariane akiamka kule kwenye baridi akajipapasa kichwa aguse kazi yangu na si ya mtu mwingine, na mtoto wa watu amekaa anavumilia ngozi inavutwa, hajalia hata mara moja, "keep your hands warm, ni kuweka mikono joto, Maman, kule iko baridi, Monsieur Chris anasema unaweka mikono mu mfuko", mikono… Rosette anafanya nini na mikono yake kule? Anaosha wazee. Alinieleza zamani, katika nyumba kubwa ya wazee wasio na watu, anawaosha, anawavisha, anawachana, "Nywele yao, Martine, ni sawa pamba, haishikike, hauwezi suka kitu!", akacheka sana, na mimi sikucheka, nilikuwa nimekasirika na kitu fulani, sikumbuki, siku hizo nilikuwa nakasirikia kila kitu chake, na hasa ile tabia yake, kila akipiga lazima aseme, "Nionyeshe kichwa yake. Geuza. Upande ingine. Nani alimusuka? Ni weye? Sogeza simu", na anatazama, anatazama, hasemi kitu, mpaka mkono wangu unachoka kushika simu, nikawa nasema moyoni, huyu ananikagua, ametuachia kazi na sasa amekuwa mkaguzi…

Hakuwa anakagua. Ee Mungu wangu, hakuwa anakagua. Alikuwa anasuka. Yule mtu alikuwa kule na mikono yake mitupu amekaa kitandani katika nyumba ya kupanga anasuka kwa macho, anafuata mistari yangu mmoja mmoja, miaka yote hii hana kichwa cha mtu wake cha kuweka magotini, na mimi nilimgeuzia Ariane kulia, kushoto, haraka haraka, haya umeona, tuna kazi. Mimi niliyewahi kuwa kichwa chake. Na nani ananisuka mimi sasa? Naenda kwa wasichana wa Nyawera, wanasuka vizuri, wana mikono myepesi, hawanigongi utosini, na kila nikitoka pale najiona sijasukwa… Nimemkumbuka dada yangu. Haya, nimesema. Hasira yote hii niliyobeba, chini yake nilikuwa namtaka tu Rosette, namtaka hapa nyuma yangu kwenye jiwe, anivute nywele mpaka nilie.

"Keep a promise, kushika ahadi", usiniambie, simu, hiyo nilikuwepo, pale pale Ruzizi kabla ya daraja, mume wake ameuawa kule Mwenga kwenye machimbo ya dhahabu na watu wale wale waliomuua wameanza kuuliza mke anakaa wapi, Ariane ana homa, mwili unawaka, hawezi kubebwa safari ya usiku na mchana, na Rosette anamtoa mgongoni, kitenge kinakataa kufunguka, fundo limekaza, ikabidi nimsaidie mimi kulifungua, mimi mwenyewe kwa vidole hivi, "Uniwekee mutoto, Martine. Muda kidogo tu", nikasema nitamuweka, nilisema vile mtu anavyopokea mfuko wa jirani anayekwenda sokoni, na akaondoka akitembea kinyumenyume mpaka askari wa mpakani akamwambia ageuke. Muda kidogo ukaota meno, ukang'oa meno, ukaanza masomo, ukapokea komunio ya kwanza kwa gauni la kuazima, ukajifunza kuniiga nikikohoa. Na sijamwekea mtu, nimemlea mtoto wangu, nani atasema si wangu? Hakuna atakayesema. Hata Rosette hasemi, ndiyo maana ananishukuru mpaka ninachukia.

Na rasta hizi, nyembamba hivi, nani atazifungua? Sikuliwaza hili kabla, nimewaza zitakaa, zitakaa, sikuwaza siku ya kuzifungua. Ni Rosette. Atamkalisha chini, katikati ya magoti, hakuna namna nyingine ya kufungua rasta, na kazi itakuwa ndefu, Jumamosi nzima pengine na Jumapili baada ya misa, wawili hawajuani, mmoja ana aibu na mwingine anaogopa kukosea neno, hawana la kuongea, lakini vidole vitakuwa na kazi na kichwa kitatulia, kama hiki kinavyotulia. Basi. Niendelee kusuka nyembamba. Inauma, lakini vidole vinakwenda.

Simu imenyamaza. Ariane ameizima mwenyewe. "Maman." Nini? "Ule madame ya ku Kigali… akiniuliza kama nataka kwenda, nijibu je?" Nyundo ya Bisimwa iko juu haishuki. Wote wawili wananingoja, na kuku wa jirani anapita katikati ya uwanja hana habari, na lile hapana limepanda, liko hapa kwenye meno, ningeweza pia kumwambia, ujibu kilicho moyoni mwako, watu wengi wangesema hivyo na wakajiona wema, lakini moyo wake nani ameujaza? Mimi. Angenirudishia langu. Nalimeza. Namshika kichwa kwa viganja vyote viwili ili asigeuke akaniona, "Utajibu yes", nasema, na Bisimwa anaweka nyundo chini, polepole, kama kitu cha kuvunjika, anainuka, anaingia ndani, "Yes?", ndiyo, yes, "Na kama sitaki kidogo?", sauti imekuwa ya yule mtoto wa zamani, wa homa, kule Ruzizi, na mimi nafunga rasta, naanza nyingine, "Kidogo si kitu, inakuwaka vile, itapita. Na miye sitaki kidogo. Maman yako amekungojea sana, Ariane. Yule wa ku simu, njo maman yako, atakusuka muzuri kunipita, mimi alinisuka", na bega lake moja linaegemea goti langu, "Na weye?", mimi niko hapa, niko papa hapa, inamisha kichwa, tuko nyuma ya sikio tena, jaribu nisikie, madame amekuuliza, "Yes", hapana, unanong'ona, kule hawasikii mtu anayenong'ona, "Yes, madame", vizuri, mutoto yangu, rudilia, "Yes, madame", rudilia tena, kwa nguvu kidogo, asisikie kama unaogopa.