Nusu ya Maneno ya Labani

Mume wangu Isidore alinidanganya kwa Biblia, na mstari mmoja ulimtosha. Wanaume wengine hudanganya kwa ahadi ya vitenge. Wangu alikuwa amesoma, basi akadanganya kisomi.

Tulikaa Fizi, kwenye misheni kule mlimani, na kazi yake ilikuwa kumsaidia Pasta Henri kutafsiri Agano la Kale. Mzungu alisoma Kiebrania, akaeleza maana kwa Kiswahili chake kigumu, na Isidore akatafuta maneno ambayo mama wa shambani angeyaelewa. Nikiwapelekea chai niliwakuta wanabishana kama watu wanaopatana bei ya samaki. Nilijivuna sana. Katika wake wote wa Fizi, ni nani mwingine aliyekuwa na mume wa kubishana na mzungu juu ya neno la Mungu, na asifukuzwe kazi?

Pasta alipokwenda likizo Ulaya, kazi ilisimama na mshahara ukasimama nayo. Isidore akapata ukarani bandarini Albertville, na bureau ya teritwari, ofisi ya serikali, ikampa karatasi ya kusafiri yeye peke yake. Mimi nilishuka Baraka kwa mama yangu, nimngoje aniite akishapata nyumba. Siku ya kuondoka alichukua kipande cha marekani nyeupe, akaandika kwa kalamu ya risasi: “Bwana aangalie kati ya mimi na wewe, tusipoonana.” Aliniambia nifuatishe herufi zake kwa uzi mwekundu na nikitundike kitambaa juu ya mlango, maana mimi na yeye tumefungwa hapo. Sura hakuiandika. Biblia nzima alikwenda nayo, na kwa mama kulikuwa na Agano Jipya tu.

Nilidarizi vizuri mno. Wanawake wa kanisani wenye waume Albertville na Usumbura walikiona wakakitaka, nami nikawachorea. Hata Florentine, ambaye mumewe alikuwa hajatuma salamu tangu mvua zilizopita, alitundika chake. Ukipita Baraka ungedhani Bwana hana kazi nyingine ila kuwaangalia waume zetu.

Jirani yangu Mwanahamisi hakuhitaji kitambaa. Yeye ni Mwislamu, na mumewe Ramazani ni nahodha wa mashua ya mizigo, huenda Albertville na kurudi. Asubuhi moja tulipokuwa tunaanika mihogo aliniambia, bila kuniangalia usoni:

“Dada, najua utakasirika. Ule bwana yako iko na mwanamuke kule. Ramazani aliona na macho yake.”

Nilimjibu kwamba mume wangu analindwa na Mungu, na yeye amlinde wake. Tangu siku hiyo sikumsalimia tena, na uwanja wetu ni mmoja.

Pasta Henri aliporudi kutoka Ulaya alishuka Baraka kututembelea. Aliona vitambaa mlango kwa mlango akashangaa. Tukamwomba Jumapili atueleze mstari wetu. Mimi nilikaa mbele kabisa, nimevaa nguo yangu nzuri, kana kwamba ninaposwa upya.

Hakuanzia kwenye mstari. Alianzia mbali, kwa Labani aliyempunja Yakobo ujira na kumwingizia bibi arusi asiye wake. Akasoma jinsi Yakobo alivyotoroka na wake na mifugo, Labani akamfukuzia na kupekua hema zote. Hawakuaminiana tena, basi wakarundika mawe yawe mpaka, kila mmoja akaliita rundo hilo kwa lugha yake. Hapo ndipo Labani aliposema maneno yetu. Wanawake wakaanza kutazamana. Pasta akaendelea na mstari unaofuata: ukiwatesa binti zangu, ukioa wake wengine juu yao, hata pasipo mtu wa kutuona, Mungu ni shahidi.

Florentine alicheka kwa sauti, mwenzake akamfinya. Mimi nilimfuata Pasta nje.

“Mama Émilienne, haya haikuwa baraka,” aliniambia taratibu. “Ni maneno ya bantu babili benye kuogopana. Tena mu Kiebrania haisemi tu kama hatuonane. Inasema, wakati tunafichamana.”

Nikamuuliza kama Isidore alilijua hilo.

“Aliijua vizuri,” akasema. “Ile neno, kufichamana, ni yeye alinipatia.”

Hakujua amenichoma wapi. Aliniuliza hata habari za Isidore, kama yuko salama.

Sikulia kwa sababu ya yule mwanamke wa Albertville. Wanaume huoa, tumeona mengi. Nililia kwa sababu Isidore alikaa na maneno yale asubuhi nzima mbele ya chai yangu, akayaelewa hadi mwisho, kisha akayakata pale yalipoanza kumtaja yeye na kunipa kipande niking'arishe kwa mikono yangu. Nilichukia kila mshono.

Nilikwenda kwa Mwanahamisi. Alikuwa anachambua samaki wadogo wa ndagala, akasogea kidogo mkekani. “Kaa,” alisema, na hakunisuta, ingawa nilistahili. Pale pale kwake nilidarizi mstari wa pili chini ya ule wa kwanza, kwa uzi ule ule, na chini yake nikaweka jina la kitabu na sura. Nilimpa Ramazani kitambaa akitie mkononi mwa Isidore.

Ramazani alirudi bila jibu la Isidore. Isidore alikuwa amepanda treni na kuhamia Elisabethville, na yule mwanamke hakuagwa. Kitambaa changu alikipokea yeye. Alikisoma akiwa amesimama, Ramazani alisema, kisha akaingia ndani, akashusha kingine kilichotundikwa juu ya mlango wake.

Ramazani alikitoa kifuani akanipa. Marekani nyeupe, herufi za Isidore, zile B zake zenye tumbo kubwa. Bwana aangalie kati ya mimi na wewe, tusipoonana. Uzi ulikuwa wa kijani.

“Alisema umutilie ile mustari ingine,” Ramazani akaniambia. “Anaomba.”

Mwanahamisi alikuwa ananitazama. Nilikunja kitambaa, nikaenda sokoni kutafuta uzi wa kijani.