Kiwanda cha Kuazimwa

Kiwanda cha kuchambua pamba kilipofungwa, mwaka wa themanini na tatu, mji wa Barani ulikauka hata paka wakahamia Mambrui kwa miguu, wakubwa mbele, watoto nyuma. Wenye kiwanda walirudi Nairobi, wakamwachia Badi, mlinzi, bunda la funguo na onyo moja: kikipotea kitu, atafungwa.

Badi hakuuza hata msumari. Ila alizaliwa na udhaifu: jirani akibisha hodi kuja kuazima, hajui kumwambia hapana. Bi Shekha alianza na tangi la mvuke. "Siku mbili tu, kaka Badi, nichomee mikate ya maulidi." Maulidi manne yakapita. Musyoka, fundi wa viatu, akaazima mkanda wa mashine. Kahindi akaja na punda wanne na wanaume kumi na sita, akaazima shinikizo la marobota, mashine ya kubana pamba, akamulie mafuta ya nazi. Injini ikaenda kusaga unga. Kila mmoja aliapa kurudisha, na kila mmoja alimletea Badi mkate, ndara au chupa ya mafuta, asije akadhani amesahauliwa.

Kufikia themanini na saba Barani ilishanenepa. Waliofutwa kazi walikuwa na kazi, paka wamerudi, na kiwandani mlibaki kufuli tisa na popo.

Ndipo ikaja barua kutoka Nairobi: Bwana Thuku anafika Alhamisi kuhakiki mashine. Badi akazunguka mlango kwa mlango.

"Rudisheni, jamani, nitafungwa mie."

"Mna nazi ndani yake sasa hivi," akasema Kahindi. "Ngoja Jumamosi."

"Jumamosi nitakuwa gerezani, Shimo la Tewa."

"Tutakuletea mikate," Bi Shekha akamfariji.

Alhamisi Thuku akafika na koti na fomu. Badi hakufungua hata kufuli moja.

"Mashine hazimo, bwana. Twende nikakuonyeshe."

Thuku akaigeuza fomu, akatazama upande wa pili. Alikuwa mtu wa kufuata fomu.

"Mzee, hapa naulizwa mawili tu: ipo? Inafanya kazi? Iko wapi, siulizwi."

Wakazunguka. Tangi lipo, linafanya kazi, limejaa mikate. Shinikizo lipo, linatiririka. Mkanda ulikuwa miguuni mwa watu mia mbili. Thuku akawapanga sokoni, akapima wayo kwa wayo, akaona umezidi nusu futi.

Walipomaliza walikuwa wamesimama uani kwa Bi Shekha, na kwenye fomu umebaki mstari mmoja: Mlinzi, mmoja.

"Upo," akasema Thuku. "Lakini unafanya kazi? Unalinda nini?"

Kalamu ilikuwa inasubiri.

"Huyo nimemwazima mie," akasema Bi Shekha kutoka tanurini. "Ananikandia unga kila alfajiri."

"Na kiwanda kikimtaka?"

"Kije kimuombe. Nitakipikia chai tuzungumze."

Thuku akatia alama zote mbili, akaondoka na mikate sita.

Mwezi uliofuata Nairobi wakaandika: kwa kuwa mashine zote zipo na zinafanya kazi, mlinzi mmoja hatoshi, aajiriwe wa pili. Akaajiriwa Kahindi, maana shinikizo lilikuwa kwake tayari.