Ukuta Nao Unakusalimia

Nitaanza na mimi, kwa sababu kila nikikisimulia kisa hiki kichwani najikuta nimeanza na watu wengine, halafu najipa kasehemu kadogo, kama mtu aliyekuwa anapita tu. Sikuwa napita. Naitwa Teresiah, ni mlinzi kwenye mlango wa jengo moja refu la Dubai Marina, na mimi ndiye niliyemchora Mamluki.

Kama umeishi na Wakenya au Waganda wa Dubai miaka hii miwili, unamjua. Mamluki ni yule jamaa wa katuni, wa kukodiwa, anayevaa helmeti ya madereva wa pikipiki wanaopeleka chakula, kioo cheusi kimeshushwa, hajawahi kukiinua hata akinywa chai. Anapitisha mrija chini ya kidevu. Ukiwa na shida unamkodi: bosi amekunyima likizo, mwenzako wa chumbani anakula wali wako. Anakuja, anaivunja shida, mara nyingi anavunja na vyombo, halafu anadai malipo yake. Hataki pesa. Anataka kile kitu unachokipenda kuliko vyote, na anakichukua huku anakucheka. Si mtu mwema hata kidogo, na watu walimpenda hivyo hivyo.

Hakuna aliyejua ni nani chini ya helmeti, na hakuna aliyejua ni nani anayechora. Kwenye ukurasa wangu mtandaoni watu waligombana. Wengine walisema ni mwanajeshi mstaafu, wengine dereva wa teksi wa Deira, na mmoja aliapa amekunywa naye chai. Wote walikubaliana kwamba mchoraji ni mwanamume. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya meza yangu, nasema good morning sir, good morning madam, na chini ya kitabu cha wageni kuna karatasi ya Mamluki. Supavaisa wangu Muzamiru alikuwa ananisomea vituko vyake kwa sauti ili nicheke. Nilicheka. Raha niliyoipata siwezi kuificha.

Swali ambalo hakuna aliyeuliza ni shida zile nilizitoa wapi.

Kila Jumapili alasiri tulikutana watu saba kwenye kafteria moja ya Deira, ghorofani, meza ndefu iliyo karibu na sinki la kunawia mikono. Ibada tulikuwa tumeshatoka. Pale tulikuja kuombeana. Kwa kuwa ni mahali pa biashara, tuliomba macho wazi, vikombe vya chai ya karak mkononi, kwa sauti ya mazungumzo, hata mhudumu alidhani tunapanga harusi. Kiongozi wetu alikuwa Cyrus, mlinzi wa hoteli ya hapo karibu, mtu mpole wa Nakuru. Mimi nilikuwa katibu. Kazi yangu ilikuwa daftari la maombi. Mtu akitaja ombi lake naliandika bila jina: dada mmoja anaomba hivi, ndugu mmoja anaomba vile. Jumapili inayofuata nayasoma yote, na lililojibiwa naliwekea tiki. Daftari lilikaa kwangu wiki nzima, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na kwa sababu waliniamini.

Umeshaelewa. Nilijiambia kwamba ombi lisilo na jina si la mtu. Ndugu mmoja alipoomba Mungu amtulize mwenzake wa chumbani, wiki ile Mamluki alikodiwa kumtuliza. Tuliisoma pale mezani, na yule ndugu ndiye aliyecheka kuliko wote, akasema huyu mchoraji lazima naye analala chumba cha watu wanane. Nikakichukua kicheko chake kuwa ruhusa.

Rispah alijiunga nasi mwezi wa pili. Anafanya kazi za nyumbani huko Mirdif, kwa familia ya madam Maha, na dereva wao humshusha Deira saa nane na kumchukua saa kumi na mbili. Wiki tano hakutaja ombi lolote. Wiki ya sita aliinamia kikombe chake.

"Tere, andika bila jina, please. Ni kijana yangu, Sammy. Ako na miaka kumi. Nilimwachia dadangu huko Keroka akiwa na tatu. Nikipiga simu Jumapili asubuhi, anapewa, anasema hallo, anakata. Dadangu anamwita mama. Mimi hana jina ya kuniita."

"Pole, dada," Cyrus alisema.

"Hiyo si ndiyo mbaya. Mbaya ni, akikata, mimi naendelea. Jikoni kuna Precious, yule mpishi, na watoto wa madam wanapitapita. Sitaki wajue nimekatiwa. So namuuliza amekula nini. Namuuliza homework. Nacheka mahali angecheka. Na simu ilizima kitambo."

Niliandika: dada mmoja anaomba mtoto wake amkumbuke. Mkono wangu uliandika hayo, na macho yangu, Mungu anisamehe, yalikuwa tayari yameona picha.

Niliichora Jumanne asubuhi. Mwanamke wa aproni ya njano yuko jikoni, ana simu iliyozima sikioni, anasema: Na homework umemaliza? Mamluki ameegemea friji, mrija chini ya helmeti, anamwambia: Malizia salamu, mama. Ukuta nao unakusalimia.

Mwishoni mwa hadithi Mamluki alimrudisha mtoto, nataka ujue hilo, lakini ni nani aliyefika mwishoni? Watu waliikata ile picha moja wakaifanya stika ya kutumiana kwenye simu. Baada ya wiki mbili sidhani kama kulikuwa na simu ya Mkenya hapa Dubai isiyokuwa nayo. Mtu hajajibiwa ujumbe, anatuma stika. Mchumba kanuna, stika. Muzamiru alinitumia mimi mwenyewe siku nilipochelewa kujibu redio. Nilimfikiria Rispah? Nilimfikiria. Nikajiambia mtu wa kazi za nyumbani hana muda wa katuni.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nne Rispah alifika kabla yetu sote. Tulipoketi aliweka simu yake katikati ya meza, kati ya chapati na vikombe.

"Sammy amenitumia message," alisema. "Ya kwanza tangu azaliwe."

Tukasogea kuangalia kwa furaha. Ilikuwa stika yangu.

"Ametuma na simu ya dadangu. Hajui huyo mwanamke ni mimi. Ameona ni kitu ya kuchekesha, basi, na hapo chini ameweka emoji tatu za kucheka." Alituangalia mmoja mmoja. "Hii maneno niliiambia meza hii peke yake. Hata Precious hajui."

Hapo ndipo watu walipomtazama Cyrus. Kabla ya kuja huku Cyrus alikuwa anachora mabango ya maduka Nakuru, na kadi zetu za Krismasi alizichora yeye. Pale mezani ndiye aliyejulikana kwa kuchora. Mimi nilijulikana kwa mwandiko.

"Si mimi," Cyrus alisema. "Rispah, dada yangu, si mimi."

"Sawa," Rispah alisema, kwa namna mtu anavyosema sawa akiwa hajakubali.

Cyrus alisubiri mtu amtetee. Macho yake yalizunguka meza yote yakafika kwangu, yakatulia, kwa sababu tumejuana miaka minne na ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nikiwa simjui mtu. Nikashusha yangu kwenye daftari. Akamaliza chai, akaaga, akashuka ngazi. Rispah akanigeukia. "Tere, andika. Dada mmoja anaomba moyo wa kusamehe."

Nikaandika. Niliandika kwa ule ule mwandiko wangu mzuri. Nimefanya mambo ya aibu maishani, lakini hilo ndilo linalonifanya ninawe uso asubuhi bila kuwasha taa ya bafuni.

Cyrus hakuja Jumapili mbili. Nilijaribu njia za mkato. Kwanza niliifuta ile hadithi, kana kwamba stika nazo zingesikia. Halafu nikaanza kumchora Mamluki akiinua kioo cha helmeti kuomba msamaha, na nikakwama hapo hapo, kwa sababu kila uso niliomwekea ulikuwa wa mtu mzuri mwenye huzuni. Nilikuwa nataka wasomaji wanihurumie. Yule mtu wa kuchukua kile unachokipenda kuliko vyote huku anakucheka, nilidhani nimembuni.

Jumamosi nilimpigia Cyrus nikamweleza yote. Alinyamaza, nikaendelea kueleza, akazidi kunyamaza, nami nikazidi kuongea, mpaka katikati ya sentensi nikahisi huenda amekata zamani na mimi naongea na simu iliyozima. Nikaita jina lake.

"Bado niko," alisema. "Kesho nitakuja. Lakini utasema wewe. Mimi sitakusaidia hata neno."

Kesho yake alikuja, akakaa mwisho wa meza, akaagiza chai. Watu walimsalimia kwa ubaridi. Nilifungua daftari nikasoma maombi ya nyuma kama kawaida, mpaka nikafika la mwisho.

"La leo lina jina," nilisema. "Mimi, Teresiah. Mamluki namchora mimi. Ombi la Rispah nililichukua humu ndani ya daftari. Cyrus hakufanya lolote, na nilikaa kiti hiki nikamwacha aondoke."

Rispah alinyoosha mkono, nikampa daftari, akalifungua mwanzo. Pembeni ya maombi mengine kulikuwa na tiki. Pembeni ya mengine kulikuwa na alama ndogo ya helmeti, yangu, ya kunikumbusha ni yapi nimeshayatumia. Nilikuwa nimezisahau. Alikigusa kile kihelmeti kwa kidole. Akafungua ukurasa mwingine, akakikuta kingine. Daftari likazunguka meza, kila mtu akitafuta lake. Yule ndugu wa chumba cha watu wanane alilipata lake, na safari hii hakucheka. Cyrus alilipata la kwake, lililomhusu baba yake na pombe. Ile hadithi watu waliipenda sana. Aliisoma ile mistari miwili muda mrefu, kisha akamrudishia Rispah daftari bila kunitazama.

"Na huyo mtu wa helmeti," Rispah aliuliza, "ni nani?"

"Hakuna mtu. Ni mimi nikitaka kuwa mbaya bila kuonekana."

Nilingoja anitukane. Ningepokea matusi yake kwa shukrani. Badala yake alitafuta ukurasa mtupu, akanisukumia daftari.

"Nichore."

"Rispah, tafadhali."

"Picha zangu Sammy hafungui. Dadangu anasema anazipita tu. Lakini hiyo katuni yako anaijua kwa kichwa. Sasa nichore mimi. Bila aproni, bila helmeti, bila maneno yako. Hapa hapa, ukiniangalia."

Ikabidi nimtazame. Yule mwanamke wa aproni ya njano nilikuwa nimempa mashavu manene na mdomo wazi wa kuchekesha. Rispah ni mwembamba. Ana kovu linalokata nyusi ya kushoto. Sikio moja limetobolewa mara mbili, na jicho la kulia ni dogo kidogo kuliko la pili. Nilikaa naye meza moja miezi mitatu, nikatoa kwake hadithi nzima, na hayo yote nilikuwa siyajui. Nikawa nafuta na kurudia, naye hakunionea huruma kwa kutazama pembeni. Chai za watu zilipoa.

Nilipomaliza aliugeuzia ukurasa upande wake.

"Nimezeeka," alisema. Akaupiga picha kwa simu, akaituma.

Tulikaa. Mhudumu alikuja kuuliza kama tunaongeza kitu, Cyrus akamwambia aje baadaye. Kisha simu ikalia mlio wa ujumbe. Rispah alisoma, akaiweka mezani ili kila mtu ajisomee na asiwepo wa kumuuliza.

Huyu ni nani?

Rispah alinyoosha kitambaa chake cha kichwani, kana kwamba mtoto angemwona, akaichukua simu, akapiga, akaiweka sikioni.

"Hallo Sammy," alisema. "Huyo ni mimi. Ni mama." Akatulia kidogo. "Umekula?" Akatulia tena. "Na homework umemaliza?"

Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Kama kulikuwa na sauti upande wa pili ningeisikia, na kama haikuwepo ningejua. Rispah akacheka kidogo. Niliinuka nikaenda kwenye sinki, nikafungulia maji kwa nguvu nisisikie, nikawa naosha mikono mpaka alipomaliza kuongea.