Pumzi ya Siri

Mimi ni mkali, sikatai. Watoto wa shule yetu waliniita Rula, nami nilijua ila nilijifanya sijui, maana jina la kutisha lina faida zake. Miaka kumi na minane nimefundisha muziki katika shule ya msingi ya masista, na kwaya yangu haijawahi kushuka sauti katikati ya wimbo. Wako walimu wanaofundisha watoto kupiga makofi na kuyumba. Mimi nilifundisha kupumua.

Somo lenyewe lilikuwa hivi. Kila mtoto anawekewa daftari juu ya kila bega, kisha tunaimba wimbo mzima na daftari lisitikisike. Pumzi inaingia kwa chini, tumboni, kimyakimya, wakati jirani yako anaimba, ili anayesikiliza adhani kwaya nzima haina haja ya hewa. Tuliiita pumzi ya siri. Daftari la mmoja likianguka, wote tunarudi mwanzo. Hapo ni saa saba kasoro mchana, njaa inauma, na wenzako arobaini wanakukodolea macho. Mtoto hujifunza upesi sana.

Chiriku alijifunza kuliko wote. Ni binti wa mdogo wangu wa kiume, ana miaka tisa, na jina hilo alimpa baba yake kwa sababu mdomo wake hauna kituo. Nyumbani aliniita shangazi, darasani mwalimu, na hakuchanganya hata siku moja. Nilimpa ubeti wa peke yake kwenye misa ya kipaimara, mbele ya askofu: mistari minne ya mwisho ya wimbo wa shukrani. Watu walisema nampendelea. Na waseme. Ungeisikia sauti ile, nawe ungempendelea.

Jumatatu ya wiki ya misa mama yake alikuja shuleni. Wifi yangu ni fundi cherehani, na alitoka kazini mbio hata sindano zilikuwa bado zimechomekwa kifuani mwa gauni. Alisimama mlangoni mwa chumba cha muziki, hakutaka kuketi.

"Wifi, mtoto ana pumu, unajua," alisema. "Wiki hii kifua kimerudi. Analala amekaa. Mwondoe kwenye ule ubeti. Aimbe na wenzake tu, akichoka anyamaze."

"Hapa hajakohoa hata mara moja."

"Nyumbani anakohoa."

"Nyumbani anadekezwa," nikamwambia. "Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa na kuona hakitoshi. Kisha akatoa dawa ya mtoto, kile kichupa cha kupuliza mdomoni, akakiweka juu ya kinanda, akasema siku ya misa nikae nacho mfukoni. Nilikubali ili aondoke. Na siku hiyo nilikuwa nacho, hilo nisisingiziwe.

Jumatano nilimkuta Chiriku nyuma ya tangi la maji, peke yake, ameinama na mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Aliponiona alinyooka, na mabega yakatulia papo hapo. Nikamuuliza kuna nini.

"Nafanya mazoezi, mwalimu."

Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda. Moyo uliniambia kitu, nikaunyamazisha, kwa sababu zilibaki siku tatu na hakuna mtoto mwingine ambaye angeifikia ile noti ya juu. Sikio la kufa halisikii dawa. Na langu ni sikio linaloweza kukwambia, toka ng'ambo ya uwanja, ni mtoto gani wa safu ya nyuma amekosea nusu noti.

Ijumaa daftari lake lilianguka, mara ya kwanza tangu aingie kwaya. Tukarudi mwanzo. Likaanguka tena. Watoto wakaguna, na mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba wengine wanabebwa na shangazi zao. Mimi sikusema neno, nilimtazama tu. Nikinyamaza, ndiyo adhabu. Mara ya tatu daftari halikutikisika kabisa, nikampigia makofi. Sikujiuliza hewa aliipata wapi.

Jumamosi kanisa lilijaa hadi nje. Watumishi wa altare walitia ubani bila kubana mkono, na moshi ukapanda mpaka kwenye ngazi za kwaya ukakaa hapo. Watoto wawili wa safu ya mbele walikohoa, nikawakata jicho. Chiriku hakukohoa. Alisimama wima, shingo ndefu, mabega yametulia, nami nikavimba kichwa. Nikajisemea, mwone huyo, hata moshi haumsumbui.

Baada ya komunyo akaanza ubeti wake. Mstari wa kwanza ulitoka safi, na askofu akainua uso. Wa pili pia. Wa tatu ulikuwa mwembamba kidogo. Wa nne aliufungulia mdomo na hakikutoka kitu. Nilidhani amesahau maneno, nikamtamkia kwa midomo. Nilikuwa nimekasirika. Mungu anisamehe, mtoto hana hewa nami nimekasirika. Mkono wangu ulikuwa juu, na katika kwaya yangu mkono ukiwa juu maana yake usiachie. Hakuachia. Alinikazia macho mpaka magoti yakamwishia nguvu, akaanguka kwenye ngazi.

Nilimpulizia ile dawa mara mbili, yote ikaishia mashavuni. Wifi alikuja akiruka mabenchi, akaninyang'anya mtoto. Gari la paroko ndilo lililowapeleka hospitali. Mimi nilifuata kwa miguu, na joho la kwaya mwilini.

Nilipofika, Chiriku alikuwa kitandani, amevalishwa barakoa ya hewa. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole, alikuwa amemwinamia. "Vuta kwa nguvu zako zote," alimwambia. "Mabega, tumbo, kila kitu. Piga kelele ukitaka." Wifi alimshika mkono akirudia, "Vuta, mama. Vuta." Naye alikuwa anavuta. Mabega yalipanda hadi masikioni.

Kisha akaniona mlangoni.

Mabega yakashuka. Shingo ikanyooka, kidevu kikakaa sawa, kifua kikatulia. Mashine ya pembeni ikaanza kulia.

"Chiriku, mwanangu, pumua unavyotaka," nikasema. Lakini alikuwa anaangalia mikono yangu.

Daktari alimtazama mtoto, akageuka akanitazama. "Wewe ni nani wake?"

Nilifungua mdomo niseme shangazi.

"Ni mwalimu wake," akasema wifi.

"Mwalimu, naomba utoke."

Nilitoka. Mlango ulikuwa na kioo kwa juu, nami nikaketi sakafuni chini yake, mahali asipoweza kuniona. Baada ya muda nikamsikia akianza tena kuhema, kwa kelele, vibaya, kama msumeno kwenye ubao mbichi, nikamwomba Mungu mtoto asinyamaze.