Mkanda Hauna Pembe

"Mzee wangu, mkanda wa jeshi hauna pembe," alisema binti mpiga picha wa kliniki.

Mpiga pasi akachungulia kioo cha kamera ya joto. Ubavuni mwake, upande wa kulia, uliwaka wekundu wa mraba, umenyooka kingo zote nne kama leso iliyotoka mikononi mwake. Na kweli ilikuwa kazi ya mikono yake. Alikuwa ameipasha moto taulo kwa pasi, akaikunja mara nne, akaibana ndani ya shati mpaka mlango wa kliniki. Njia ya mwongo fupi, lakini yake hata hatua kumi haikufika.

Malengelenge yalikauka mwezi uliopita, maumivu yakabaki. Shati likimgusa, anaungua. Bosi wake wa dobi alitazama makovu akasema, "Umeshapona, unadeka tu. Jumatatu usipokuwa mezani, namweka mwingine." Ndipo akasikia kuna watafiti wanaopima joto la ngozi za wagonjwa wa mkanda. Alikuja kutafuta ushahidi, ila machale yalimcheza: chombo cha wakubwa kitamtetea vipi mtu wa pasi?

"Uliweka nini?" binti aliuliza.

"Taulo." Aliona aibu. "Nilidhani hata kamera ina bosi wake."

Binti alicheka kidogo. "Kaa hapo, ngozi ipoe."

Akakaa kifua wazi, akilitilia shaka hata pazia. Nusu saa baadaye mraba ulikuwa umeyeyuka, pembe zikitangulia. Chini yake ukajitokeza ukanda kutoka mgongoni hadi kifuani. Ulikuwa wa bluu.

"Bluu ndiyo nini?"

"Baridi. Kuliko upande wa kushoto."

"Lakini naungua, binti yangu."

"Najua. Kuna wanaopanda joto, kuna wanaoshuka. Ndicho tunachochunguza."

Akaogopa kwelikweli. "Basi nipe ile nyekundu."

"Ile ni picha ya taulo, mzee."

Jumatatu bosi aliishika karatasi yenye picha dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Bluu maana yake baridi. Binti wa kliniki kaandika mwenyewe hapa chini. Na wewe unasema unaungua?"

"Naungua. Na upande wa pili hauna bluu, angalia."

"Mimi naona baridi tu."

Mpiga pasi akageukia meza yake ya miaka ishirini. Juu yake pasi ilikuwa imesimama, inang'aa, kimya, waya wake umepotelea chini ya rundo la mashuka. Akailaza picha kando yake.

"Bosi, hii pasi ni ya moto au ya baridi?"

Bosi aliitazama pasi. Haikutoa moshi. Akautazama uso wa mzee, nao haukumwambia kitu. Akanyoosha mkono aguse, vidole vikafika nusu ya njia, vikabaki hapohapo hewani.